Orodha ya wanazuoni imewasahau mafundi

Mhariri,

Kila muhula chuo ninachofanyia kazi hutoa orodha ya shughuli za kitaaluma za watumishi wake: nani kachapisha makala, nani kawasilisha mada kwenye kongamano, nani kapata ruzuku ya utafiti. Huwa naisoma yote, hadi majina ya majarida. Safari hii profesa wetu ametajwa mara kadhaa, na anastahili. Ni mchapakazi kwelikweli.

Lakini katika makala yake moja, vipimo vyote nilivichukua mimi, fundi sanifu wa maabara. Spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa na sampuli, ilipoanza kutoa namba za ajabu, ni mimi niliyegundua kuwa taa yake imechoka, nikaibadilisha, nikapima sampuli zote upya. Jina langu halimo hata kwenye shukrani.

Wapo watakaosema kupima si kuandika. Sawa. Ila tangu 2014 upo utaratibu uitwao CRediT, unaotumiwa na majarida mengi, wenye majukumu 14 ya kuonyesha nani kafanya nini. Kuandika rasimu ya kwanza ni moja tu. Kufanya majaribio, kutunza data na kuunda programu yamo pia.

Siombi uprofesa, jamani! Naomba orodha ijayo iongezwe safu moja tu, ya waliofanikisha kazi, wakiwemo wakutubi na watu wa kompyuta. Ofisi ya utafiti ikitaka majina, ifungue madaftari ya maabara. Yamo, tena yana tarehe na saini.

Fundi sanifu wa maabara