Spindo moja, mabwana wawili: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Picha ya kisanduku chako cha kuendeshea spindo, ule mhimili unaozungusha kisu cha mashine, nimeipata, nikaikuza hadi nikafuata waya mmoja mmoja. Kazi ni safi, na kila waya umeubandika namba, hapo umenishinda. Lakini usiwashe kwanza. Kuna waya wa njano unaotoka kwenye bodi ya kompyuta, umeuunganisha na ule wa kati wa volyumu, kirungu cha kupanga mwendo kwa mkono, kwenye temino moja ya inveta, kifaa kinachoilisha mota umeme na kupanga mwendo wake. Huo ndio ulionifanya niandike.

Najua ulivyofikiri. Inveta inasoma mwendo kwa volti, 0 hadi 10. Volyumu ya kilo-omu 10 inatoa volti hizo, bodi nayo inazitoa, basi zikutane na anayehitajika atumike. Umeme hauna adabu hiyo. Volyumu ikiwa chini kabisa inaishoti bodi. Ikiwa juu kabisa, volti 10 za inveta zinaingia kwenye bodi kwa mlango wa kutokea. Katikati ya hapo mwendo utakaoupata si uliouagiza wewe wala ulioagizwa na programu. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Weka swichi ya kuchagua yenye nafasi tatu: mkono, sifuri, kompyuta. Chukua ile iliyotengenezwa kwa umeme mdogo wa amri, si ya mota, kwa sababu kontakti za mikondo mikubwa hazipitishi vizuri vijivolti vya namna hii zikishaanza kuchakaa. Iwe na safu tatu za kontakti. Ya kwanza ihamishe volti za mwendo. Ya pili ihamishe amri ya kuzunguka. Ya tatu iiambie kompyuta swichi iko wapi, ili programu ikatae kuanza kama mashine iko mikononi mwa mtu.

Safu ya pili ndiyo wengi huiruka, nami niliiruka. Mashine yangu ya kwanza ya milingi nilihamisha mwendo tu. Amri ya kuzunguka niliiacha ije kutoka pande zote mbili, kitufe changu na relei ya kompyuta (swichi inayoendeshwa kwa umeme), sambamba. Nikaona inatosha. Siku moja swichi iko upande wa mkono, nimeinama nakaza koleti, kishikio cha kisu, kwa spana, kiwiko kikagusa kibodi. Programu niliyoiacha imesimama ikaendelea, mstari uliofuata ulikuwa M3, amri ya kuzungusha spindo. Nikasikia relei, tik. Pona yangu ni kwamba volyumu ilikuwa chini, mota ikajikongoja tu na spana ikabaki mkononi. Ingekuwa juu, ningekuandikia barua hii kwa mkono wa kushoto.

Kusimamisha ni habari nyingine kabisa. Kitufe chekundu kisipite kwenye swichi ya kuchagua hata kwa bahati mbaya. Kontakti yake iwe ile inayobaki imeungana ikipitisha umeme muda wote na kuachia ukibonyeza, ili hata waya ukikatika mashine isimame. Kama inveta yako ina temino za kuzima nguvu ya mota kwa usalama, kitufe kiende huko moja kwa moja. Kompyuta ipewe habari tu kwamba umebonyeza. M5 ni amri ya kawaida ya kusimamisha spindo, inategemea kompyuta iwe na akili timamu, na dharura nyingi huja pale isipokuwa nazo. Kumbuka pia kwamba kukata nguvu hakufungi breki: spindo itaendelea kuserereka kidogo.

Na tafadhali, usiweke swichi yoyote kati ya inveta na mota ukidhani ni njia ya mkato. Kukata nyaya hizo mota ikiwa kazini kunaweza kuua transista za inveta.

Upande wa mkono tumia vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima, ukiseti inveta kwa mfumo wa nyaya tatu. Swichi ya kubofya ikabaki palepale ina hatari yake: umeme ukikatika na kurudi, inveta nyingi zikiikuta amri bado ipo huanza kuzunguka bila kumuuliza mtu.

Sasa mikanda, ambayo kwenye picha haionekani lakini naijua hiyo mashine. Mota ya poli nne, yaani ncha nne za sumaku, kwa 50 Hz huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika ikiwa na mzigo. Ukihamisha mkanda kwenye puli nyingine, spindo inabadilika ila kompyuta haijui. Itaendelea kuamini S1200, amri ya mizunguko 1,200 kwa dakika, ni ileile. Mimi nimeingiza kila puli kwenye programu kama gia yake, na bado husahau. Usiitegemee inveta kwa mwendo wa polepole sana pia. Chini ya 20 Hz hivi feni iliyo kwenye shafti ya mota haipozi vya kutosha, na nguvu haiongezeki kama ambavyo ingeongezeka ungehamisha mkanda.

Kelele za umeme nitazisema kwa ufupi. Kebo ya mota iwe na wavu wa waya wa kuzuia kelele hizo, uunge kwenye ethi pande zote mbili. Kebo ya volti 0 hadi 10 nayo iwe na wavu, huo uunge upande mmoja tu. Zisilale pamoja, zikilazimika kukutana, zikate kwa pembe mraba. Ukiona spindo inapandisha na kushusha mwendo yenyewe, anzia hapo kabla hujailaumu programu.

Kabla hujagusa nyaya hizo, zima, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye inveta yenyewe. Kwa umeme wa 230 V kapasita za ndani hukaa na karibu volti 325, na taa ikizimika si ushahidi. Pima kwa mita.

Ukishabadilisha, toa kisu kwenye spindo, weka swichi kwenye sifuri, kisha tuma M3 S500 kutoka kompyuta huku ukipima volti kwenye temino ya mwendo. Rudia swichi ikiwa mkono, kisha ikiwa kompyuta. Niandikie namba zote tatu.

Kakako