Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Udhibiti wa Vipodozi: Tuandikieni Kiwango cha Alumini

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu 3 za awali zilijibiwa kwa sentensi ile ile, kwamba suala langu "linafanyiwa kazi". Juma lililopita nilinunua chupa mpya ya dawa ya kuzuia jasho, aina ile ile ninayojipaka kwapani tangu ujana, nikaipiga picha kwa simu na kuikuza ili niweze kusoma maandishi madogo kama chawa: maji, kisha alumini klorohaidreti (chumvi ya alumini inayozuia jasho), kisha mlolongo wa manukato. Kiasi hakikutajwa. Upande wa mbele, kwa herufi za dhahabu, wameandika "salama kwa matumizi ya kila siku".

Mimi na mke wangu tumetafuta mtoto kwa miaka 6. Mara 4 vipimo vyangu vimeonyesha upungufu wa mbegu, na daktari, baada ya kuniuliza kuhusu sigara, joto na maradhi ya utotoni, alikiri kwamba hana sababu ya kunipa. Sidai kuwa chupa hii ndiyo iliyonifikisha hapa. Ningekuwa na hakika, ningekwenda mahakamani. Lakini mwaka 2014 watafiti waliopima shahawa za wanaume 62 nchini Ufaransa walikuta alumini ndani yake, na waliopungukiwa mbegu ndio waliokuwa nayo zaidi. Wapo pia wanasayansi wanaoiweka alumini katika kundi la metaloestrojeni, yaani metali zinazoweza kuiga kazi ya estrojeni, homoni ya kike, ndani ya seli.

Jibu lenu nalijua, kwa kuwa mlishanipa: ngozi hupitisha kiasi kidogo mno. Ni kweli. Je, kidogo hicho, kwa ngozi iliyotoka kunyolewa, kila asubuhi kwa miaka 20, kinafika wapi? Hata kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya, iliyosema mwaka 2020 kwamba dawa hizi ni salama, ilitaja kikomo: asilimia 6.25 kwa zisizo za kupuliza na asilimia 10.60 kwa za kupuliza. Mimi nisiyejua chupa yangu ina asilimia ngapi, nitajuaje kama niko ndani ya kikomo hicho?

Katika mkutano wa wadau uliahidi, kipaza sauti kikiwa mkononi mwako, kwamba kiwango kingeandikwa kwenye lebo ndani ya miezi 6. Leo ni mwezi wa 26. Huenda miezi ya ofisi yako ni mirefu kuliko yetu.

Nilianza na maombi 5, Mheshimiwa. Sasa sitaki marufuku, sitaki fidia, wala sitaki kamati nyingine. Asilimia ya alumini iandikwe kwenye chupa. Iandikwe tu. Wiki ijayo nina kipimo cha tano. Daktari ataniuliza tena ninajipaka nini, nami ningependa safari hii nimjibu kwa namba.

Wako mtiifu, aliyechoka kusubiri.