Mdogo wangu, nisamehe kwa kukuambia usahau

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu maneno niliyokuambia baada ya ajali, kwamba yaliyopita si ndwele na kwamba ukijikaza utasahau, huambiwa watu wengi, nami nataka kuyafuta mbele ya kila aliyewahi kuambiwa hivyo. Kwako yaliyopita bado ni ndwele, na sikupaswa kukuona mlegevu.

Wakati wa hatari, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hutoa tahadhari kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na mwili hujiandaa kupambana, kukimbia au kuganda. Hipokampasi, ambayo husaidia kuliweka tukio mahali pake na wakati wake, huelemewa, hivyo kumbukumbu hubaki vipande vipande: mlio wa breki, harufu ya mafuta, vioo vilivyotapakaa. Ndiyo maana mlango ukibamizwa leo unatetemeka kana kwamba ajali inatokea sasa hivi. Huigizi, wala imani yako haijapungua. Tangu mwaka 1980 hali hii, iitwayo PTSD, yaani mfadhaiko unaobaki baada ya tukio la kutisha, imo katika mwongozo wa utambuzi wa magonjwa wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani. Wengi hupata nafuu wenyewe katika wiki za mwanzo, lakini dalili zako zimepita mwezi mmoja kwa mbali, ndiyo maana natamani umwone mwanasaikolojia.

Najua unaogopa kwamba mwanasaikolojia atakulazimisha kusimulia yote siku ya kwanza. Aliyefunzwa vyema huanza kwa kukupa utulivu na kukueleza kinachokupata. Katika mbinu ya tiba aliyoiasisi mwanasaikolojia Edna Foa, ambayo kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 15, utalisimulia tukio tena na tena, huku ukivikaribia hatua kwa hatua vile unavyovikwepa, kama kupanda gari. Kukwepa hukutuliza kwa saa chache, lakini hukunyima nafasi ya kugundua kwamba hatari imekwisha. Sitakuficha kwamba vikao vya mwanzo huweza kuchosha, na pengine ndoto mbaya zikaongezeka kwa muda. Kumbukumbu haitafutika, itakaa mahali pake, ikiwa jambo lililotokea siku ile, si linalotokea leo.

Ukiamua kwenda, nitakusindikiza na kukungoja nje, na ukitoka sitakuuliza mlizungumza nini.

Kaka yako