Usukani wa Babu

Mama yangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Mimi sijambo, hofu ni kwenu. Mguu wako vipi? Usinijibu "naendelea vyema" kama juzi, maana Mwanaesha ameshanipa habari yote ya ile ngazi.

Ujumbe wa Ami nimeupata. Nimeusoma kituo cha mabasi hapa Leeds, nikausoma nyumbani, nikaurudia baada ya sala ya alfajiri, na kila nikiusoma moyo unazidi kuchemka. Shilingi laki moja na ishirini za matengenezo, ndani ya wiki mbili, ama mashua yetu, Mtegemea Mola, inauzwa kwa yule mwenye hoteli wa Shela. Eti itapandishwa mchangani, ikatwe ubavu, iwekwe kaunta ya kuuzia pombe. Chombo ambacho Babu hakukiondoa gatini hata siku moja bila Fatiha! Na ameandika kama mtu anayeuza kitanda kibovu.

Sasa Mama, wewe ulikuwepo, nisahihishe nikisema uongo. Ilikuwa Mfungo Sita, nina miaka kumi na moja, tunakwenda Mtangawanda, gati la Pate, kuchukua wageni wa Maulidi. Wiki ile Babu alikuwa hatoi mawe Maweni, kule Manda, wala hapakii boriti za mtu. Watu wa Pate wote ni wake, na nauli hataki. Tulipoingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, akaniita, "Ndoo hapa," akanishika mkono akauweka kwenye kana, mpini wa usukani. Ami alikuwa ameshika demani, kamba ya tanga. Alipiga kelele mpaka kunguru wakaruka mikokoni: usukani haushikwi na mwanamke, mtatuzamisha! Babu hakumjibu. Alitema tambuu yake majini, akaniambia, "Angalia mai, usimwangalie ami yako."

Nikaangalia maji. Akanionyesha pale yanapokunja uso, kwamba chini yake pana fungu la mchanga, na pale yanapolala kama kanga iliyopigwa pasi, kwamba hapo ndipo njia. Tulikwama mara moja, hilo silikatai. Lakini aliyetukwamisha ni yule aliyeacha demani ili anigombeze mimi. Bahati maji yalikuwa bado yanajaa. Babu akawasha jiko, akateleka dele, tukanywa kahawa chungu juu ya fungu hadi maji yakatuinua. Ami hakunywa. Tulipoelea, Babu alirudisha mkono wangu palepale kwenye kana.

Mnaniambia siku hizi Mkanda umechimbwa, vyombo vinapita hata maji yakitoka. Alhamdulillahi kwa wagonjwa na wajawazito wa Pate. Ila mtoto atajifunzia wapi kungoja, sijui.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu moja, Mama, na nataka umsomee Ami kwa sauti: mwezi uliopita nimekabidhiwa basi la ghorofa. Si lile dogo nililokutumia picha yake. Hili ni la ghorofa hasa, abiria sabini na kitu, na mimi nimekaa mbele peke yangu kama nahodha wa jahazi la kwenda Maskati. Mtihani nilipita mara ya kwanza. Tulikuwa sita, tukapita wawili. Mwalimu akaniuliza nimejifunzia wapi kugeuza kitu kirefu hivyo mahali pembamba. Nikamwambia Mkanda. Akaitikia kwa kichwa; nadhani alidhani ni jina la chuo.

Kwa hiyo hizo laki na ishirini anazozitaka Ami zinatoka kwenye usukani. Usukani uleule usioshikwa na mwanamke.

Hapa Leeds kazi ni nzuri. Zamu za usiku zipo, si neno. Disemba jua linatua kabla ya saa kumi jioni, na barabara ikiganda inateleza kuliko ngazi za gati zikiota mwani, lakini mtu huzoea. Wakati wa mapumziko wenzangu hutazama mpira kwenye simu. Mimi nafungua jedwali la kujaa na kutoka kwa maji la Lamu. Najua saa hii mashua za pale mbele ya ngome zimekaa juu ya tope au zinaelea, na sina hata ndoo ya maji ya chumvi karibu yangu. Siku ile Babu alipofariki, simu iliingia nikiwa njiani na abiria. Nilipofika mwisho wa safari nikapiga, mkaniambia ameshazikwa. Nikamaliza zamu.

Ami anasema chombo cha mbao hakina kazi tena, kuna boti za faiba, kuna bandari kubwa Kililana. Kwenye faiba simbishii. Lakini mji wetu UNESCO wameuandika tangu 2001, mtu hagusi ukuta wake bila kuulizwa, hata akitaka kubadilisha dirisha. Sasa mawe yale yana wa kuyatetea, na mashua iliyoyaleta mawe hayo kutoka Manda ikawe baa?

Basi, pesa natuma. Lakini hazipiti kwa Ami. Nazituma moja kwa moja kwa fundi Matondoni, yeye mwenyewe anunue mbao, pamba ya kalafati na sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka chombo, na kila kitu aniandikie. Asikubali mataruma, mbavu za chombo, ya mbao za dukani; akate mikoko iliyopinda yenyewe, kwa kibali, kama Babu alivyokuwa akitaka. Tanga nitalishughulikia mshahara ujao.

Ami aendelee kuwa nahodha, sina ugomvi. Ni mtoto wa Babu, na kwa kushika tanga hana mfano, hilo hata nikiwa na hasira nalisema. Sharti langu ni moja: safari ya kwanza ikishushwa, Rukia wa Mwanaesha akae kwenye kana kutoka Mkunguni hadi Ras Kitau. Ana miaka kumi na mmoja mwaka huu, nimehesabu. Mwambie Ami ashike demani asiiache, hata akitaka kusema neno.

Ushushaji uwe wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, msimsikilize anayesema siku yoyote ni sawa.

Barua hii msomee Bibi pia, ila ukifika pale pa kaunta shusha sauti, asisikie. Na uniulizie: lile dele la Babu, lenye mkono uliochomelewa, bado liko chomboni, au Ami ameshaliuza nalo?

Mwanao akupendaye.