Vita vya dakika 38 ni kipindi kizima cha Hesabu

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Makunduchi, mkaazi wa Kisiwandui hapa Unguja. Gazeti lako nalisoma barazani. Likinifikia huwa limeshapita mikono minne, lina madoa ya kahawa, na ukurasa wa michezo umeshapata mwenyewe. Ninachobakishiwa ni tanzia na kile kisanduku chenu kidogo cha "Siku kama ya leo". Silalamiki, maana ndicho ninachokipenda.

Tarehe 27 Agosti kisanduku kilikuwa na mistari sita. Alizaliwa Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, 1770. Ulilipuka mlima wa Krakatoa huko Indonesia, 1883. Walizaliwa Don Bradman, mcheza kriketi wa Australia, na Lyndon Johnson aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, wote 1908. Aliuawa Mountbatten, yule gavana mkuu wa mwisho wa Kiingereza huko India, mashua yake ilipotegwa bomu huko Ireland, 1979. Na katikati yao, umebanwa kama abiria wa mwisho wa daladala, mstari huu: "1896: Vita vifupi kuliko vyote duniani, Zanzibar, dakika 38."

Baraza zima lilicheka. Mmoja akasema hata maji ya chai hayajachemka, vita vimekwisha. Na mimi nilicheka, sitakudanganya. Nilipofika nyumbani ndipo kicheko kile kilipoanza kunikaa vibaya, kwa sababu nilikumbuka kwamba dakika hizo 38 nimewahi kuzikaa, zote, moja baada ya moja.

Nilipokuwa bado nafundisha, mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wa darasa la saba Forodhani, asubuhi, kabla wauza vyakula hawajapanga meza. Niliwakalisha ukutani wakiitazama bahari, Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la masultani, ikiwa mgongoni mwao. Nikampa msichana mmoja saa yangu ya mkono. Nikawaambia: tutakaa kimya kuanzia saa tatu na dakika mbili mpaka saa tatu na dakika arubaini. Hakuna kusema, hakuna kusimama. Mkichoka, hesabuni majahazi.

Dakika ya nne walikuwa bado wanakonyezana. Dakika ya kumi na moja mtoto mmoja akanigeukia: "Mwalimu, bado?" Dakika ya ishirini wawili walikuwa wamelala, na mmoja analia kwa sababu ambayo hakuweza kunieleza. Aliyeshika saa alikuwa ameiziba kwa kiganja, hataki tena kuitazama. Kipindi kimoja cha Hesabu ni dakika 40, Mhariri. Nilifundisha miaka thelathini na sita na sijapata kumsikia mtoto akikiita kifupi.

Sasa weka ndani ya kipindi hicho yaliyomo. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Binamu yake, Khalid bin Barghash, kijana bado, akaingia katika jumba la mfalme bila ya idhini ya balozi mdogo wa Kiingereza, naye Mwingereza alimtaka mtu mwingine, Hamoud bin Mohammed. Bandarini zilikuwapo meli tano za kivita: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon na St George. Amri ilikuwa bendera ishushwe kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27, na haikushushwa. Jumbani walikuwamo watu wapatao 2,800, wengi wao si askari hata kidogo: raia, watumishi, watumwa. Kuta zilikuwa za kujengewa upepo na uluwa, si za kuzuia mizinga. Upande huo waliuawa na kujeruhiwa watu kama 500. Upande wa meli alijeruhiwa baharia mmoja wa Thrush, naye alipona.

Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama pale pale mbele ya mji, na milingoti yake mitatu ikabaki ikichomoza majini mpaka 1912. Hebu fikiri, miaka 16 mtu anayekwenda kununua samaki anaitazama milingoti ile, halafu aambiwe vita vile vilikuwa vifupi. Na waliokuwa upande wa Khalid walitozwa fidia, pamoja na gharama ya risasi za mizinga waliyopigwa nayo. Jambo hili nikilisimulia barazani hakuna anayecheka.

Na hizo 38 ni za saa ya nani? Wapo waandishi wanaosema 40, wapo wanaosema 45, inategemea unaanza kuhesabu amri ilipokwisha muda au mzinga wa kwanza ulipolia, na unamaliza bendera ilipoanguka au kwingine. Zote ni hesabu za mtu aliyesimama kwenye meli, na aliyekuwa chini ya dari la jumba hakuulizwa. Baada ya mizinga ile Beit al-Ajaib iliongezewa mnara wa saa, kana kwamba mji ulihitaji kukumbushwa dakika. Nao mnara huo uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na upande wa jengo, ukaua watu wawili. Tarehe hiyo nayo sijaiona kisandukuni mwenu.

Sitaki nieleweke vibaya. Simlilii Khalid. Sisi watu wa Kusini hatukuwa jamaa wa jumba, na sultani yeyote angekaa pale babu zangu wangeendelea kupanda mtama na muhogo wao juu ya mawe. Sheria iliyoziambia mahakama zisiutambue tena utumwa ilitolewa na huyo huyo Hamoud aliyewekwa na Mwingereza, Aprili 1897. Mtumwa aliyefia jumbani Agosti alikosa hilo kwa miezi isiyofika minane. Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akakaa mpaka tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa na mashua ikaweza kumchukua pale pale mlangoni bila ya mguu wake kukanyaga ardhi ya Unguja. Akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisha akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa 1927. Yeye tunajua alipofia na mwaka aliofia. Naulizia wale 500.

Hapa ndipo kisanduku chenu kinapokwama, na si kosa lenu peke yenu. Kinaweza kumbeba mtu aliyeandikwa tu. Mimi mwenyewe kitambulisho changu kinasema nimezaliwa tarehe 1 Januari. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniambia nilizaliwa siku ya tatu baada ya kukoga Mwaka, na kila mtu kwetu anajua Mwaka Kogwa ni Julai. Karani wa skuli hakuwa na nafasi ya kuandika habari za kukoga, akaandika tarehe iliyokuwa rahisi. Basi kila mwaka mpya, saa sita ya usiku, kampuni ya simu inanitumia salamu za siku ya kuzaliwa, na mke wangu anacheka mpaka anakohoa. Darasa langu lote la kwanza tulizaliwa siku moja. Tungekuwa mashuhuri, kisanduku cha tarehe 1 Januari kingejaa watu wa Makunduchi watupu.

Kwa hiyo tarehe mnayoichapa nayo si ya kila mtu. Kwa waliokuwa mjini asubuhi ile, siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya Mfungo Sita, mwaka 1314, siku chache tu baada ya Maulidi. Na Alhamisi yao haikuanza saa sita ya usiku, ilikuwa imeshaanza jua lilipotua jana yake, meli zikiwa zimeshajipanga. Hilo lingeingia katika mstari mmoja bila ya taabu: "Alhamisi ya Mfungo Sita." Msomaji wa pwani angejua hapo hapo harufu ya siku yenyewe: udi wa Maulidi haujatoka nguoni.

Halafu hao majirani. Sina ugomvi na mcheza kriketi, wala Hegel hajanikosea kitu. Lakini tarehe 27 Agosti ina wenyewe wengine mliowaruka. Siku hiyo mwaka 1963 alifariki W.E.B. Du Bois, mwanazuoni Mweusi wa Marekani, mjini Accra, ana miaka 95, akiwa katika kazi ya kamusi elezo ya Afrika aliyoalikwa na Nkrumah. Kesho yake umati uliojaa Washington kudai haki za Weusi ulitangaziwa kifo chake pale pale mkutanoni. Siku hiyo mwaka 1975 alifia kizuizini Haile Selassie, na mifupa yake ikaja kupatikana 1992, imefukiwa chini ya jumba lake mwenyewe. Akazikwa kwa heshima 2000. Wahabeshi wao wanaiita 21 Nehase 1967, na saa wanazihesabu kama sisi, moja ikianza baada ya jua kuchomoza. Hawa ndio watu ambao ningependa wajukuu zangu wawaone wamesimama karibu na wafu wa Forodhani.

Na mnalichapa gazeti la Kiswahili, lakini mmesahau kwamba tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais Kibaki alitia saini katiba iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya bega kwa bega na Kiingereza! Mhariri, hili mngelikosaje?

Hata Krakatoa mngeisogeza karibu kidogo. Mlipuko ule ulisikika kisiwa cha Rodrigues, masafa ya kilomita karibu 4,800, ndani ya bahari hii hii tunayovua. Mwaka uliofuata mawe yake mepesi yanayoelea yalikuwa yameshafika pwani ya Zanzibar. Mama yangu alikuwa na jiwe la aina hiyo la kusugulia visigino, limeokotwa na bibi yake ufukweni. Siwezi kuapa kwamba lilitoka Krakatoa. Lakini ningeusoma mstari ule kwa jicho jingine.

Ombi langu ni hili. Mwakani, ikifika tarehe 27 Agosti, mpunguzeni Bradman, na mahali pake pachapwe hivi: "1896, Alhamisi ya Mfungo Sita: meli tano za Kiingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani wa Zanzibar kwa kipindi kizima cha Hesabu. Waliouawa na kujeruhiwa jumbani ni kama 500, na majina yao tunayatafuta."

Mkichapa hayo maneno matatu ya mwisho, basi tuyatafute kweli. Kama yupo msomaji, awe Ng'ambo, Pemba, Mombasa au Maskati, ambaye kwao hutajwa bibi, babu, mpishi, au mtumwa wa mtu aliyekwenda jumbani asubuhi ile na hakurudi, amwandikie mhariri jina hilo, hata kama ni jina la utani. Mimi nipo barazani kila asubuhi, na mwandiko wangu bado unasomeka.

Mwalimu mstaafu,
Kisiwandui, Unguja