Barua kwa Somoe: jalada la mirathi

Lindi

Somoe ndugu yangu,

Salamu, nisalimie na wazee wote wa Mikindani. Umeuliza baba yake babu utampata wapi na cheti hamna. Anza na jalada la mirathi. Wengi wa zamani hawakuandikwa walipozaliwa, lakini aliyekufa akaacha minazi, wanawe walikwenda kwa liwali, mkuu wa mji aliyesikiliza mashauri, kugawana.

Usimwendee karani na jina tupu. Majalada hupangwa kwa mwaka na namba ya shauri. Omba kwanza daftari la kusajilia mashauri, upitie hata miaka kumi baada ya kifo, maana watu huenda mahakamani ugomvi ukishazuka. Mahakama za mwanzo zimekuja na sheria ya 1963, na Lindi na Mtwara zilikuwa mkoa mmoja hadi 1971, kwa hiyo ukikosa huko Mtwara, ulizia na huku Lindi. Ya wakoloni, jaribu Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Beba penseli.

Ukilipata, fungua penye mafungu ya warithi kwa sheria ya Kiislamu. Mjane akipewa thumni, yaani 1/8, marehemu aliacha mtoto, au mjukuu wa mwanawe wa kiume. Akipewa robo, hakuacha. Ukiona 1/16 mara mbili, wajane ni wawili wamegawana thumni ile. Mama akiwa na sudusi, yaani 1/6, basi alikuwa hai mwanawe alipokufa, naye mtafutie jalada lake miaka ya mbele. Hata mchwa wakila jina, fungu linakwambia nani alikuwepo.

Maneno ya mashahidi usiyaruke. Utakuta mstari kama huu: “Mimi Fatu binti Saidi, Mmakua, Muislamu, umri kadiri 50. Minazi hii kapanda babu yangu mzaa mama.” Umri huo ni makisio ya karani, usiuandike kama kweli. Babu mzaa mama ndiye wa kushika.

Hapa wengi hukosea: kwa Wamakonde na Wamwera ukoo hufuata mama. Anayedai shamba la marehemu pengine ni mpwa wake, nawe ukamchora mwana, ukoo wote ukapinda. Angalia pia mdai asiye na udugu wowote. Huenda ni kizazi cha bwana aliyemwacha huru mzee wenu, maana utumwa Tanganyika umefutwa kisheria 1922 tu. Ukikuta hivyo, tafadhali usilifiche jalada. Mzee huyo aliyeachwa huru naye ni babu yenu, na pengine ni hapo tu jina lake limeandikwa.

Majina yatafute kwa sura zote: Selemani, Sulemani, Suleiman. Mjerumani aliandika Udjidji kwa Ujiji na Muansa kwa Mwanza, basi na kijiji chenu kisome kwa sauti kabla hujasema hakimo.

Niletee jina la babu wanavyolitamka wazee wenyewe, na lile la jandoni pia. Waulize wiki hii, bibi angali anakumbuka.

Wako,
Hadija