Mfupa mmoja wa mjusi wa Tendaguru uwekwe Lindi

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilikwenda Ujerumani kumtembelea mwanangu anayesoma huko. Siku ya tatu akanipeleka Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe wa asili ya Berlin, kumwona mjusi wetu, yaani mifupa ya dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, huku kwetu Lindi.

Mtu wa Lindi hawezi kukosa kusikia habari za mjusi yule, ila kusikia si kuona. Unaingia ukumbini, unainua shingo mpaka kofia inaanguka: mita 13 na ushei kutoka sakafuni hadi kichwani. Nilisimama kando ya mguu wake wa mbele. Mfupa wa juu wa mguu ule, huo mmoja tu, unapita mita 2. Mama mmoja alikuwa akimsomea mwanawe maelezo, nikalisikia jina la Tendaguru likitamkwa. Nikamwomba mwanangu awaambie kwamba natoka huko. Mtoto yule akaniuliza, watoto wa kwenu wao wanamwona wapi?

Nilikosa jibu, na swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, machozi ya Maji Maji hayajakauka. Waliochimba ni watu wa huku, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Waliifungasha kwa mianzi, wakajitwika, wakatembea takriban siku nne hadi bandari yetu ya Lindi. Mifupa yote iliyotoka Tendaguru ilipita tani 200, kwa vichwa na mabega ya wapagazi! Mimi nimefundisha historia hapa miaka 26, na jina la Boheti sikuwahi kuliandika ubaoni, kwa kuwa hata mimi sikufundishwa. Linaniuma hilo.

Najua kuna mjadala wa muda mrefu kama mjusi arudishwe au abaki kule tupate mgawo wa mapato. Wenye mamlaka waendelee nao, na mimi ningefurahi arudi. Lakini wakati wakubwa wanajadiliana, watoto wa Mtanda na Mikumbi wanamaliza shule bila kujua ni kitu gani kilipita bandarini kwao.

Tena kuna jambo nililigundua pale. Kichwa kilicho juu ya shingo ile si chenyewe, ni cha kuigiza. Fuvu la asili ni zito, limehifadhiwa chini kwenye kabati la kioo, na watu wanatoka mbali kuja kumtazama hivyo hivyo. Ikiwa nakala inawafaa Berlin, kwa nini isitufae sisi?

Ombi langu kwa halmashauri ni dogo. Tuwekewe ufukweni, jirani na bandari, nakala ya mfupa ule mmoja wa mguu wa mbele, kwa kimo chake kamili, mtoto ausimamie pembeni na kuupapasa. Kando yake kiwepo kibao cha Kiswahili kinachomtaja Boheti na wapagazi, na kumwelekeza mgeni njia ya kwenda Tendaguru.

Mafundi wa kumimina zege tunao, na vipimo vya mfupa vinajulikana. Maneno ya kibao nitayaandika mimi na walimu wenzangu wastaafu, bila kudai hata senti. Tunasubiri kuonyeshwa kiwanja.

Mwalimu mstaafu,
Lindi